KINGO ZA MADARAJA NA GHARAMA ZINAZOPITA MAKADIRIO

Kila daraja lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuwabeba watu na mizigo yao juu ya maji, na kazi ya pili ni kuwazuia wasianguke humo majini. Kazi ya kwanza husifiwa na wote: watu hutaja urefu wa daraja, unene wa nguzo zake na uzito wa magari yanayopita. Kazi ya pili hufanywa na kingo, yaani zile kuta fupi, au nguzo na vyuma vilivyolazwa, vinavyosimama ubavuni pande zote mbili. Kingo hazisifiwi na mtu, wala hazitazamwi, mpaka siku ile gari linapoteleza katika mvua, au mtoto atokaye shuleni anaposukumwa na baiskeli iliyosheheni korosho. Siku hiyo watu wote huuliza, Kingo zi wapi? Na mara nyingi jibu huwa ni hili: Zilikuwamo katika makadirio, lakini fedha zilikwisha.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa viongozi wa vijiji, wajumbe wa halmashauri na walimu wenye kufundisha hesabu, kwa nini gharama za kazi za umma hupita makadirio, na ni njia zipi za kulizuia jambo hilo. Maana kazi ikipungukiwa na fedha, haikatwi nguzo ya daraja, kwa kuwa bila nguzo daraja halisimami. Kinachokatwa ni kile ambacho bila hicho daraja husimama, nacho ni kingo. Hivyo kosa la hesabu lililofanywa mezani hulipwa na mpita njia.

Watu wa Mtwara hawahitaji kwenda mbali kuijua thamani ya daraja. Mto Ruvuma ni mpana, na katika masika hutapakaa mabondeni hata mtu asijue ukingo uko wapi. Wazo la kujenga daraja la kuziunganisha Tanzania na Msumbiji lilizaliwa mwaka 1975, zama za Mwalimu Julius Nyerere na Samora Machel, mwaka uleule Msumbiji ilipopata uhuru wake. Ujenzi ulianza mwaka 2005, na tarehe 12 Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza walilifungua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, likivuka mpaka Negomano ng'ambo ya pili. Urefu wake ni mita 720. Huku chini, karibu na bahari, ambako mto hugawanyika katika vijito na mikoko, watu wa Kilambo kwa miaka mingi wamevuka kwa mitumbwi na kwa kivuko.

Sasa mwalimu na awaulize wanafunzi wake: daraja la mita 720 lahitaji kingo za mita ngapi? Mwanafunzi mwenye haraka atajibu 720. Mwenye kufikiri atakumbuka kwamba daraja lina pande mbili, naye atajibu 1,440. Aliyewahi kufika darajani atasema kwamba hata hizo hazitoshi, kwa sababu barabara ya kuingilia daraja imeinuliwa juu ya tuta la udongo, na gari likitoka njiani pale huporomoka vilevile. Hesabu hii ndogo yaonyesha chanzo cha mambo yote tutakayoeleza hapa. Wale watatu hawakutofautiana katika uaminifu, bali walitofautiana katika kuijua kazi yenyewe.

Yafaa tueleze kwanza maana ya makadirio. Makadirio si bei. Bei ni kile alichokubali kupokea aliyepewa kazi, nayo huandikwa katika mkataba. Makadirio ni mawazo ya mtu juu ya bei, kabla kazi haijafanywa, na ubora wake hutegemea mambo aliyoyajua mtu huyo siku alipoandika. Aliyekwenda mahali penyewe akapima, akachimba shimo kuuona udongo, akauliza bei ya chuma na ya kukileta, makadirio yake huwa karibu na kweli. Aliyekaa ofisini akatazama ramani, makadirio yake ni kama ya mtu anayenunua ng'ombe kwa kusikia mlio wake. Watu wengi wakisikia gharama zimezidi husema mara moja kwamba fedha zimeibwa. Wizi upo, nao wastahili adhabu. Walakini kazi nyingi zilizopita makadirio hazikuibiwa. Ziliharibika siku ile makadirio yalipoandikwa, kabla hata jembe la kwanza halijapigwa.

Mfano mkubwa wa neno hili uko Mtwara kwenyewe. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na Bwana John Wakefield, kuangalia kama karanga zaweza kulimwa kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ujumbe ulizunguka kwa majuma tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Mwaka 1947 mpango ukatangazwa: ekari zaidi ya milioni 3, katika muda wa miaka 6, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kongwa ilianza, na sehemu kubwa ya mashamba ilikusudiwa iwe katika Jimbo la Kusini, kuzunguka Nachingwea. Kwa kuwa kusini hakukuwa na bandari ya kina cha kutosha wala reli ya kuchukua mavuno hayo, ikaamuliwa zijengwe zote mbili.

Matokeo yake yajulikana. Mwaka ule wa kwanza ekari 150,000 zilitakiwa zisafishwe. Zilizopatikana Kongwa hazikufika hata 10,000. Miti ilikuwa na mizizi migumu kuliko ilivyodhaniwa. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu yaliyobaki vitani, nayo yaliharibika pasipo vipuri vya kutosha. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulikauka ukawa kama tofali, na karanga hazikuweza kung'olewa. Mvua ikawa haba. Mambo hayo yote yalikuwako kabla mpango haujatangazwa. Udongo haukubadilika mwaka 1947, wala miti haikuota mizizi kwa usiku mmoja. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapima kabla ya kuandika hesabu. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu kuwa hasara.

Na reli na bandari je? Kwa muda mizigo ilipitia Mkwaya, karibu na Lindi, na reli ya kutoka Mkwaya kwenda Nachingwea ilianza kufanya kazi mwaka 1949. Bandari ya Mtwara, pamoja na reli ya kuifikia, ikawa tayari mwaka 1954. Msomaji na aitazame miaka hiyo. Bandari ilikamilika miaka mitatu baada ya kufa kwa ule mpango uliokuwa sababu ya kuijenga. Reli nayo haikupata mizigo ya kuilipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ilibaki, ikaja kuwa njia ya korosho kwenda ng'ambo, na mwaka 2017 ujenzi wa gati jipya la mita 300 ukaanza pale. Lakini faida hiyo ilikuja kwa sababu nyingine, baada ya miaka mingi, nayo haikuwamo katika hesabu ya mwanzo.

Mfano wa pili watoka mbali, nao twauleta kwa sababu wahusu kingo za daraja hasa. Katika mji wa San Francisco, nchi ya Marekani, liko daraja mashuhuri liitwalo Golden Gate, lililofunguliwa mwaka 1937. Kingo zake za kando ni fupi, kiasi cha kifua cha mtu, na kwa muda wa miaka mingi watu wengi walipoteza maisha yao kwa kuanguka kutoka hapo, wengi wao wakiwa watu waliokata tamaa ya kuishi. Ndugu zao walidai kwa miaka mingi pawekwe kizuizi, na mwaka 2008 wakubwa wa daraja wakachagua kutandaza wavu wa chuma kisichoshika kutu chini ya ubavu wa daraja, pande zote mbili.

Mwaka 2014 gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 76. Zabuni zilipofunguliwa mwaka 2016, aliyetaka bei ndogo kuliko wote alitaja dola milioni 142. Yaani kabla msumari mmoja haujapigwa, kazi ilikuwa imekaribia kuwa na bei maradufu. Ujenzi ulianza mwaka 2018, ukitazamiwa kwisha mwaka 2021. Ukaja kwisha mwanzoni mwa mwaka 2024, na jumla ikapita dola milioni 200. Wakandarasi wakaenda mahakamani, wakidai kwamba chuma cha daraja kilikuwa kimechakaa kuliko walivyoelezwa, na kwamba kazi waliyoikuta siyo ile iliyoandikwa. Wakuu wa daraja nao walikuwa na majibu yao. Sisi hatuwi mahakimu wa shauri hilo. Tunalochukua kwake ni hili: kuweka kizuizi kipya katika daraja kuukuu ni kazi ngumu kuliko kukiweka daraja lingali jipya, kwa kuwa hali ya chuma cha zamani au zege la zamani haijulikani mpaka likwanguliwe.

Tukiiweka mifano hii miwili pamoja, twaona jambo linalosahauliwa mara nyingi. Kazi zote mbili zilipita makadirio, lakini haki yake si moja. Mpango wa karanga ulipita makadirio, na karanga zenyewe hazikupatikana. Kuendelea kuutilia fedha kungekuwa kuongeza hasara. Wavu wa Golden Gate ulipita makadirio, lakini ulipokamilika idadi ya wanaokufa pale ilipungua sana. Kwa hiyo kiongozi aliyeambiwa kwamba gharama zimezidi asijibu upesi, Acheni, wala asijibu upesi, Endeleeni. Na ajiulize maswali mawili mbalimbali. La kwanza: fedha zinazohitajika tangu leo hadi mwisho ni kiasi gani? La pili: kitu tutakachopata chastahili fedha hizo? Fedha zilizokwisha tumika zisiingizwe katika shauri hili, kwani zimekwenda, na hazirudi ama kazi ikiendelea ama ikisimama. Wengi hunena, Tumekwisha tia milioni 20, hatuwezi kuacha. Neno hilo ndilo lililoupeleka mpango wa karanga hata ukafika ulikofika.

Sasa na tutoke katika mambo makubwa, tutazame daraja dogo la kijiji, ambalo msomaji anaweza kwenda kulipima kwa miguu yake. Tuseme liko daraja la zege la mita 30 juu ya kijito, halina kingo, na kijiji chataka kuliwekea nguzo za chuma na vyuma vya kulala. Karani achukua urefu wa mita 30, azidisha kwa mbili, apata mita 60. Aambiwa kwamba mita moja ni shilingi 200,000. Aandika shilingi 12,000,000, na mkutano wakubali.

Fundi afika mahali penyewe. Aona kwamba kila pembe ya daraja ina tuta la kuingilia, na kila tuta lahitaji mita 10 za kingo ili gari lisiporomoke kabla ya kufika darajani. Pembe ni nne, basi mita 40 zaongezeka, na jumla ni mita 100, ambazo bei yake ni shilingi 20,000,000. Kisha agonga zege la ukingoni, nalo lapukutika. Nguzo haziwezi kushikizwa hapo mpaka litengenezwe kwa shilingi 3,000,000. Sasa kazi ni shilingi 23,000,000. Hakuna aliyeiba hata senti moja, lakini gharama zimekaribia kuwa maradufu. Kama fundi angalipelekwa kwanza, na karani akaandika baadaye, mkutano ungaliambiwa shilingi 23,000,000 siku ya kwanza, ukachagua kwa macho wazi: kujenga, kungoja, au kuomba msaada.

Hapa yafaa tueleze habari za akiba ya dharura. Ni desturi njema kuongeza katika makadirio sehemu kidogo, kama kumi kwa mia, kwa ajili ya yale yasiyojulikana. Lakini akiba hiyo si dawa ya kutopima. Kumi kwa mia ya shilingi 12,000,000 ni shilingi 1,200,000, nayo isingalisaidia kitu katika upungufu wa shilingi 11,000,000. Akiba ni kwa mambo ambayo hata mwenye kupima vema hawezi kuyaona: mvua isiyo ya wakati wake, mafuriko, kupanda kwa bei. Na katika pwani yetu mambo hayo si hadithi. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Mwezi wa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya na mvua kubwa za msimu ule, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika, na malori yakangoja. Mkandarasi aliyekuwa akingoja chuma kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, kila siku alilipa walinzi na mafundi waliokaa bure.

Tena liko jambo la chumvi. Chuma kilichowekwa bara, na chuma kilekile kikiwekwa Mikindani au Msimbati, havizeeki sawasawa, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula chuma. Basi kingo za pwani zafaa ziwe za zege, au za chuma kilichochovywa katika zinki kama yanavyofanyiwa mabati, pamoja na nati na bolti zake. Chuma cha kupakwa rangi tu ni rahisi siku ya kununua, lakini baada ya misimu michache kutu huanza miguuni mwa nguzo, mahali ambapo maji hutuama na ambapo nguvu ya gari hupiga. Anayeandika makadirio kwa bei ya chuma cha bara, ilhali kazi iko pwani, amekwisha andika upungufu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Sababu nyingine ya gharama kuzidi ni mabadiliko yanayoagizwa kwa mdomo. Kazi ikiwa katikati, afika mkubwa mmoja, asema, Ongezeni taa. Mwingine asema, Pakeni rangi mbili. Wa tatu asema, Ngazi ya kushukia mtoni ingefaa wanawake wachotao maji. Huenda maneno yote matatu ni mema. Lakini mkandarasi aitikia, Ndiyo, Bwana, afanya, kisha mwisho aleta hati ya madai, wala hakuna akumbukaye ni nani aliyeagiza. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na iwe kanuni: badiliko lolote liandikwe kabla halijafanywa, likitajwa bei yake, siku litakazoongeza, na jina la aliyeidhinisha. Badiliko lisilo na karatasi lisilipwe. Kanuni hii yamlinda mkandarasi mwaminifu pia, maana yeye naye huumia akifanya kazi ya ziada kisha akanyimwa ujira wake.

Pamoja na hayo, gharama zatakiwa ziangaliwe kila mwezi, si mwisho wa kazi. Hesabu yake si ngumu. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya. Zatakiwa hesabu tatu tu: fedha zilizokwisha lipwa, kazi iliyokwisha fanywa, na kazi iliyobaki. Turudie daraja letu la mita 100, na tuseme kwamba ukingoni hapakuwa na ubovu, basi makadirio ni shilingi 20,000,000. Baada ya miezi miwili zimelipwa shilingi 9,000,000, na kingo zilizosimama ni mita 30. Kwa haraka, kila mita imekula shilingi 300,000. Mita 70 zilizobaki zitakula shilingi 21,000,000, na jumla itakuwa shilingi 30,000,000.

Lakini mwenye busara huuliza zaidi: katika hizo shilingi 9,000,000, zipo zilizolipwa mara moja tu, kama kuleta mashine na kujenga ghala? Tuseme zipo shilingi 3,000,000. Basi mita 30 zimekula shilingi 6,000,000, yaani shilingi 200,000 kila moja; mita 70 zitakula shilingi 14,000,000, na jumla itakuwa shilingi 23,000,000. Hivyo twajua kwamba mwisho wa kazi upo baina ya milioni 23 na milioni 30. Hata kwa hesabu njema, milioni 20 hazitoshi. Neno hili lapasa kusemwa siku hiyohiyo, fedha zingalipo na njia zingali nyingi. Likifichwa mpaka fedha zimekwisha, njia inayobaki ni moja, nayo ni kuikatisha kazi.

Na akaunti hizo zisomwe mbele ya watu. Kwa sheria za Tanzania mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau kila miezi mitatu, nao ndio mahali pa kuuliza. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Basi yafaa kiongozi ajue daraja lake liko chini ya nani kabla ya kupeleka barua. Juu ya wote yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Katiba yampa kazi ya kukagua fedha za umma kila mwaka, na taarifa yake hupelekwa Bungeni. Lakini mkaguzi hufika baada ya fedha kutumika. Anayeweza kuona mapema ni yule apitaye darajani kila siku, akijua kuhesabu nguzo.

Imebaki tuseme la kufanya kama gharama zimekwisha pita, na fedha za kuongeza hazipatikani. Hapo ndipo watu hukosea zaidi. Wengine hupunguza unene wa chuma, au hutawanya nguzo mbalimbali, ili urefu wote uonekane umekamilika. Huo ni udanganyifu wenye hatari kuliko kutokuwa na kingo kabisa, kwa sababu dereva aonaye kingo huzitegemea, na mama humwacha mtoto atembee kando. Kingo zisizoweza kuhimili ni kama mtumbwi wenye tobo lililopakwa rangi. Vyuma vya kulala, mahali wapitapo watu kwa miguu, visiachane hata kichwa cha mtoto kikapenya. Na nguzo zisiachane kupita kipimo alichoandika mhandisi. Mambo hayo mawili hayafanyiwi upatanisho.

Kinachoweza kupunguzwa ni mapambo: rangi ya pili, taa, jiwe la kumbukumbu, sherehe ya ufunguzi. Kinachoweza kuahirishwa ni sehemu ya urefu, kwa masharti mawili. Sharti la kwanza, zianzwe sehemu za hatari kubwa: mahali pa kona, mahali pa tuta refu, na upande wapitao watoto. Sharti la pili, kila sehemu iliyoanzwa imalizwe kabisa, pamoja na ncha zake. Ncha ya chuma iliyoachwa wazi ikielekea magari hupenya ndani ya gari kama mkuki. Yapasa iinamishwe na kufukiwa ardhini, au ikingwe kama mhandisi aelekezavyo. Sehemu isiyojengwa iwekewe mawe yaliyopakwa chokaa na alama za kuonya, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe ya kulitazama tena. Lisiloandikwa husahauliwa, na lililosahauliwa hukumbukwa siku ya msiba.

Mwisho, makadirio ya kingo hayajakamilika kama hayana fedha ya kuzitunza. Katika sehemu nyingi za nchi vyuma vya kingo na alama za barabarani vimeng'olewa na wezi na kuuzwa kwa uzani kuwa vyuma chakavu. Mwizi hupata fedha ya kununua chakula cha siku mbili, na kijiji hupoteza kile kilichogharimu mamia ya elfu. Hii nayo ni gharama inayopita makadirio, ingawa haiandikwi katika hesabu ya mkandarasi. Viongozi na wawaulize wenye mizani ya vyuma chakavu wanunua nini na kwa nani. Na walimu wawafundishe watoto kwamba chuma cha daraja si mali isiyo na mwenyewe. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, watu wawili na walitembelee daraja wakiwa na daftari na kalamu, wazihesabu nguzo, wazitikise kwa mkono, watazame kutu miguuni mwake, kisha waandike walichokiona na kukipeleka panapohusika. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, nayo haina gharama yoyote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenda kuliona daraja kabla ya kuandika makadirio, kuandika badiliko kabla ya kulifanya, na kusema upungufu siku unapoonekana, hayo matatu hayahitaji fedha wala mashine. Yahitaji mtu mwenye kutembea mpaka mahali penyewe, na mwenye ujasiri wa kutaja hesabu ya kweli mbele ya mkutano, hata kama hesabu hiyo haipendezi.